Mwalimu, Rhapta ni neno la nani?

Mwezi uliopita nilitaja kwa kupitia tu kwamba jina la Rhapta, mji wa kale wa pwani yetu, lina sindano na uzi ndani yake. Nilidhani nimerusha kijiwe majini, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimejaa kapu. Nimechukua sita, zote zinahusu majina ambayo Wagiriki na Warumi wa kale walizibandika nchi za mbali. Kwa aliye mgeni wa safu hii: nilisoma Kilatini seminari miaka minne, nikatoka bila upadri ila na kamusi mbili mkobani, nikaishia kufundisha jiografia hadi nilipostaafu. Kigiriki nilijifunza ukubwani, kwa hiyo natembea nacho kwa mkongojo.

*Shikamoo Mwalimu. Kila asubuhi nikishuka kwenye pantoni napita kanisa la Azania Front, na mdogo wangu anasoma shule yenye jina hilo hilo la Azania. Azania ni wapi hasa? Na hiyo Rhapta yako iliyoshonwa, nani aliishona? – Msomaji, Kigamboni*

Marahaba, mwanangu. Katikati ya karne ya 1 BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Jina lake hakulitia. Kitabu chake tunakiita Periplus, yaani safari ya kuzunguka pwani, na kinasomeka kama daftari la nahodha: hapa pana nanga nzuri, pale watataka shoka, kule utapata pembe. Azania ndiyo pwani ndefu inayoanzia kusini mwa Pembe ya Afrika, huko kwa Wasomali, ikashuka mpaka Rhapta, bandari ya mwisho anayoijua. Kupita hapo, anasema, bahari haijachunguzwa nayo inapinda kwenda magharibi.

Rhapta imeshonwa na yeye mwenyewe. Anaeleza kwamba mji umepata jina kwa sababu ya vyombo vyake vidogo vya kushonwa, na kitenzi cha Kigiriki cha kushona ni rhaptein. Kwao mbao za merikebu zilishikana kwa ndimi na misumari. Basi fikiria mtu wa namna hiyo anatia nanga kwetu, anakuta chombo kizima kinaelea kwa kamba. Alichokishangaa ndicho kilichokuwa jina la mji.

Mimi mzaliwa wa Pangani, na babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi. Yeye alipiga misumari, lakini alikuwa akisimulia mitepe aliyoiona ujanani ikija kutoka visiwa vya Lamu imepakia boriti. Fundi anatoboa mbao kwa keekee, anapitisha kamba ya makumbi ya nazi, anavuta hadi mbao zinashikana, kisha anaziba matundu. Tanga lenyewe lilikuwa mkeka. Miaka baadaye niliuona mtepe ulioundwa upya, umewekwa ndani ya Beit al-Ajaib pale Unguja, kabla sehemu ya jumba lile haijaporomoka Desemba 2020. Niliupapasa mshono kwa kidole. Mlinzi akanikemea, na alikuwa na haki, lakini nilikuwa nimeshagusa kile Mgiriki alichokiandika.

Tena kitenzi hicho hicho rhaptein kimo ndani ya neno lao la mghani wa tenzi, rhapsodos, mshona nyimbo. Nilipolikuta kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba. Sisi nasi tunatunga shanga na tunatunga mashairi, kitenzi kimoja.

Wenyeji wa Rhapta waliuitaje mji wao? Mfanyabiashara wetu hakuandika, na hilo ndilo linaloniudhi, maana alikuwa na wa kumuuliza. Mwenyewe anasema manahodha Waarabu waliokuja kutoka Mouza, bandari ya Yemen, walikuwa wameoa huku na lugha ya wenyeji waliijua. Vitu vya biashara hakuvisahau hata kimoja: pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa zikitoka, mikuki, shoka, visu na vyombo vya kioo vikiingia. Ngano na mvinyo navyo vililetwa, si vya kuuza, bali vya kujipatia mapenzi ya wenyeji. Wenye kumbukumbu za kampeni za uchaguzi wanalijua jina la kitu hicho: takrima.

Kabla ya Rhapta anataja kisiwa kimoja kiitwacho Menouthias, tambarare chenye miti, ambako watu huvua kwa makapu wanayoyatega kwenye vinywa vya mikondo badala ya nyavu. Pemba, Unguja na Mafia wote wanakigombea kisiwa hiki. Mimi nikisoma habari ya makapu yale naona madema tu, na madema yapo kote huko, kwa hiyo hayamsaidii mgombea yeyote.

Mji wenyewe je? Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba delta ya Rufiji akapata shanga za kioo za Kirumi, akatangaza habari zake mwaka 1999. Shanga si mji, lakini ningelazimishwa kuweka nauli yangu mahali, ningeiweka Rufiji.

Jina Azania lina ubishi zaidi. Wapo wanaolifunga na Zanj, neno la Waarabu kwa watu wa pwani hii, ambalo bado tunalo ndani ya Zanzibar. Masikioni linavutia, ila sikio silipokei mahakamani. La hakika ni kwamba mwandishi Mrumi Pliny naye, karne hiyo hiyo, anaitaja bahari ya Azania. Miaka ya 1960 wapigania uhuru wa chama cha PAC walilichukua kuwa jina la Afrika Kusini waliyoitarajia, mbali sana na pale Mgiriki alipokomea. Wewe wa Kigamboni unalitumia karibu na asili yake kuliko hao wa PAC.

*Bwana asifiwe, Mwalimu. Nafundisha watoto shule ya Jumapili. Biblia yetu inasema towashi aliyebatizwa na Filipo alikuwa mtu wa Kushi, lakini kijana mmoja mwenye Biblia ya Kiingereza akasema ni Mwethiopia. Nani amekosea? – Msomaji, Iringa*

Amina. Hakuna aliyekosea, ila kijana asikimbilie Addis Ababa.

Matendo ya Mitume yaliandikwa kwa Kigiriki, na pale pana neno Aithiops. Aitho ni kuunguza, ops ni uso: mwenye uso uliounguzwa, na jua bila shaka. Wagiriki waliamini jua hupita karibu na watu wa mwisho wa dunia, kwa hiyo Homer, mtunzi wao wa kale wa tenzi, anawagawa Waaithiopia mafungu mawili, wa machweo na wa macheo. Herodotus, mwanahistoria wao, naye anawataja Waaithiopia wa mashariki, wenye nywele zilizonyooka, wakiwa katika jeshi la Xerxes mfalme wa Uajemi. Utaona hapo si jina la nchi bado; ni jina la rangi ya ngozi, linahama na jua.

Usiwaambie watoto kwamba lilikuwa tusi. Kwa Homer hawa ni watu wasio na lawama, na miungu yenyewe huondoka kwake kwenda kula karamu kwao. Poseidon, mungu wa bahari, alikuwa huko akila nyama za sadaka siku wenzake walipokutana kumjadili Odysseus.

Kushi ni neno la Kiebrania, na Wamisri pia walilitumia kwa nchi ya kusini mwao, juu ya Nile. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuyatafsiri Maandiko kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, mahali pengi walipoona Kushi wakaweka Aithiopia. Watafsiri wa Kiswahili wakarudi njia ile ile, wakaliokota Kushi. Naipenda kazi yao, maana ukiitazama aya yenyewe, bwana yule alikuwa mtumishi wa Kandake, na Kandake ni cheo cha malkia wa Meroe, mji ulioko Sudan ya leo. Gari lake lilikuwa likielekea huko.

Waethiopia wa leo walilipataje basi? Katika karne ya 4, Mfalme Ezana wa Aksum aliandikisha jiwe kwa Kigeez, lugha ya kale ya huko, na kwa Kigiriki. Upande wa Kigeez pana Habashat. Upande wa Kigiriki, mahali pale pale, pana Waaithiopia. Bibi zetu waliosema Uhabeshi walikuwa wakisoma upande mmoja wa jiwe, na ramani za leo zinasoma wa pili.

*Mwalimu, tumefundishwa kwamba Afrika ni Kigiriki, a-phrike, maana yake nchi isiyo na baridi. Ni kweli? – Mwanafunzi, Makete*

Unaniandikia kutoka Makete, tena barua ina tarehe ya Julai, unaniuliza kama Afrika haina baridi? Mtoto wewe una moyo.

Si kweli. Wagiriki wenyewe hawakuliita bara hili Afrika. Waliliita Libya, kutokana na Walibu, watu wa magharibi ya Nile ambao Wamisri wanawataja katika maandishi yao tangu karne ya 13 KK. Mtu wa kwanza uliyemkuta mlangoni, jina lake likawa la nyumba nzima. Warumi walipita mlango mwingine: ng'ambo ya bahari yao palikuwa na watu walioitwa Afri, majirani wa Carthage. Walipoibomoa Carthage mwaka 146 KK, sehemu ya Tunisia ya leo wakaifanya jimbo, Africa. Waarabu wakalirithi wakaita Ifriqiya, na jina likaendelea kutambaa kusini mpaka likafika Makete bila blanketi.

Neno Afri lenyewe wengine hulihusisha na ifri, pango kwa lugha za Waberberi. Hilo linajadilika. Lakini a-phrike, pamoja na lile la Kilatini aprica, penye jua, ni michezo ya wasomi waliokuja baadaye, wakakuta jina la watu wakataka kulikamua maana kwa lugha yao.

Kwa kuwa umeuliza kwa adabu nakupa nyongeza. Herodotus anasimulia kwamba Farao Necho, kama mwaka 600 KK, aliwatuma mabaharia Wafoinike kulizunguka bara hili. Walichukua miaka, kila msimu walishuka, wakapanda nafaka, wakavuna, wakaendelea. Waliporudi walisema kwamba walipokuwa wakilizunguka, jua lilikuwa mkono wao wa kulia. Herodotus anaandika kwamba yeye hilo haliamini. Sasa toka nje saa sita mchana mwezi huu wa Julai, elekea magharibi, utazame jua liko wapi. Hilo ambalo yeye alilikataa ndilo linalotufanya wengi tuamini kwamba mabaharia wale walifika.

*Assalaamu alaykum. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, husema Uhindini. Wanangu husema India. Mimi niko katikati. Jina lipi ndilo? Na kwa nini Warumi waliiita Yemen "yenye heri", wakati sisi tulio jirani tunaona habari zake kila jioni? – Msomaji, Muscat*

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Mama na wajukuu wake wanataja mto mmoja. Wenye nchi waliuita Sindhu. Waajemi, ambao S ya namna hiyo hutamka H, wakasema Hindu. Mfalme Dario aliichonga nchi hiyo kwenye orodha ya majimbo yake. Wagiriki wa Ionia, pwani ya Uturuki ya leo, waliokuwa raia wa Waajemi, lafudhi yao ilikuwa imeshaitupa H, wakabaki na Indos, ndipo India. Kiarabu kikachukua njia ya Kiajemi kwa al-Hind, nasi tukaipata H hiyo kwa Bahari ya Hindi, kwa Mhindi, na hata kwa mahindi, ambayo kwao ni Amerika na Uhindini yalifika kama mgeni tu. Na S haikupotea, iko Sindh, huko Pakistan. Mama yako asisahihishwe na mtu.

Kuhusu Yemen: Kigiriki ni Arabia Eudaimon, Kilatini Arabia Felix. Sababu ya kwanza ni mali, ubani na manemane, vilivyofukizwa kwenye mahekalu yote ya Rumi na kulipiwa kwa dhahabu. Sababu ya pili wewe utaionja kuliko msomaji wa Ulaya. Yaman ni upande wa kulia: Mwarabu wa kale akielekea macheo, kusini iko kuliani kwake. Na mkono wa kulia ni wa baraka, yumn. Sisi pia tunakula yamini tunapoapa. Wapo wataalamu wanaosema Wagiriki walisikia "kulia", wakaelezwa "baraka", wakatafsiri "heri". Mimi nakubaliana nao, ingawa ubani peke yake ungetosha.

Heri hiyo ilimtamanisha Kaisari Augustus wa Rumi akamtuma Aelius Gallus na jeshi katika miaka ya 20 KK. Mwandishi wa jiografia Strabo, aliyekuwa rafiki wa Gallus, anasema vita viliua askari saba tu. Waliobaki waliuliwa na maradhi, njaa, uchovu na njia mbaya. Jeshi lilirudi Misri bila hiyo heri.

*Mwalimu, niko Cork, Ireland, mwaka wa tatu. Mvua. Nimeona sarafu ya zamani imeandikwa HIBERNIA. Ndiyo nini? – Msomaji, Cork*

Pole, mwanangu. Ni Ireland kwa Kilatini. Wagiriki walikuwa wamesikia Ierne, kutokana na jina la wenyeji lililo jamaa ya Éire ya leo. Masikioni mwa Mrumi likagonga neno lake hibernus, la kipupwe, akalinyoosha: Hibernia, nchi ya baridi. Walikuwa na tabia hiyo, na Wagiriki pia. Bahari Nyeusi waliisikia kwa watu wa jamii ya Kiajemi waliosema axshaina, yenye giza. Wao wakasikia axeinos, isiyokaribisha wageni. Wakaogopa nuksi wakaigeuza Euxeinos, yenye ukarimu. Tusiwacheke. Wareno walituambia habari za reino, ufalme wao, nasi tukawaita Wareno hadi kesho. Vaa soksi mbili.

*Shikamoo Mwalimu. Ptolemy aliandika Milima ya Mwezi, chanzo cha Nile. Sisi ni Wanyamwezi. Hapo pana haja ya kuuliza tena? – Msomaji, Tabora*

Marahaba, mtani. Haja ipo.

Ptolemy wa Aleksandria, mwanajiografia wa karne ya 2, hakufika huku. Alimtegemea mwanajiografia mwenzake, Marinus wa Tiro, naye Marinus alimtegemea baharia Diogenes aliyekuwa akirudi kutoka India, upepo ukamchukua kusini siku 25 hadi karibu na Rhapta. Kwa njia hiyo ya mdomo hadi mdomo tukapata maziwa ya Nile, na juu yake mlima, Selenes Oros, Mlima wa Mwezi, ambao theluji yake huyanywesha maziwa hayo.

Wazungu wa karne ya 19 waliposikia Unyamwezi waliruka kwa furaha kama wewe. Speke, mpelelezi Mwingereza, baada ya kupita kwenu mwaka 1858, aliichora Milima ya Mwezi kwenye ramani yake, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Lakini Unyamwezi ni jina tulilowapa sisi watu wa pwani, na wengi huelezea kwamba tulimaanisha wa upande wa magharibi, unakoandama mwezi. Ni majina ya dira tu. Ninyi wenyewe si mnasema Sukuma kwa kaskazini na Dakama kwa kusini? Ndivyo walivyofanya Waarabu kwa Yemen. Na ili Mgiriki apate Selene kutoka kwenu, ilipasa watu wa Rhapta miaka 1,900 iliyopita wawe wanawaita jina hilo hilo, tena mtu akae amtafsirie. Mabishano hayo ningeyavumilia.

Ila theluji ndiyo inayokukwamisha. Rwenzori inayo, Kilimanjaro inayo. Siku utakaponiandikia kwamba umeiona juu ya kilima chochote kati ya Tabora na Nzega, nitapanda treni nije, na nauli najilipia.